Dhamana Aliyoiacha Ragnfrid

Skarholmen,
Jumatano, majuma machache kabla ya Pentekoste

Dada yangu mpenzi Oddlaug,

Pokea salamu zangu nyingi, na uzipokee ukiwa umeketi, maana barua hii si fupi. Natumaini kile kikohozi cha mvuke wa kazi yako ya udobi kimekuachia, na mikono yako imepata nafuu tangu uanze kuipaka yale mafuta ya kondoo niliyokutumia. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula, analala, anafuma soksi. Kondoo wawili wameshazaa, mmoja mapacha. Kuku wangu wanataga vizuri, na wananisikiliza kuliko binadamu wote wa kisiwa hiki. Utaona baadaye kwa nini nasema hivyo.

Barua yako ya Pasaka tuliipata. Nilimsomea Mama yote isipokuwa mistari ya mwisho, pale ulipouliza kwa mzaha yule mwanamume aliyekubeba mabegani, kwenye picha uliyoondoka nayo, ni nani hasa, maana wenzako wa chumbani wamekuuliza nawe ukakosa jibu. Dada, nililia. Nilikwenda kulia bandani hadi kuku wakanyamaza. Yule ni baba yetu. Alikufa Oktoba iliyopita, na wewe ulikuwepo tulipomzika bila mwili, ukavaa koti langu jeusi kwa kuwa lako lilikuwa limekubana. Jina lake nitakuandikia, lakini si sasa hivi, kwa sababu kulisoma tu hakutakusaidia kitu. Nitakueleza kwa mpangilio, nawe usiruke mistari kama ulivyozoea.

Desturi ya kwetu unaijua. Mtu akiwa baharini hamtaji paka, hamtaji farasi wala kasisi. Paka ni mlala-majivuni, kasisi ni mvaa-kola, na kanisa ni nyumba ya kengele. Tumekua tukiyachekea mambo hayo. Na mtu akizama, jina lake halitamkwi chomboni mpaka uvuvi wa majira ya kuchipua uishe, ili Mwenye Nusu asilisikie. Wazee walituambia kwamba Mwenye Nusu, yule anayesafiri katika nusu ya mashua iliyopasuliwa kwa urefu wake, akisikia jina la marehemu huja kuchukua na ndugu zake. Kumbe waliikosea habari hiyo tangu mwanzo, nasi tukairithi hivyo hivyo ilivyo.

Svana ilipozama na Baba, na Sjur, na Anfinn, wewe ulikaa hadi mazishi, kisha ukapanda meli kwenda Bergen. Wiki hiyo hiyo Severin Rosnes aliitisha mkutano. Unamjua vizuri: Svana ilikuwa yake, nyumba ya samaki ni yake, na nyumba tunayolala ni yake pia. Alisimama mbele kavua kofia, akasema kwamba kwa heshima ya wafiwa desturi ile ipande nchi kavu. Majina ya wale watatu yasitajwe hata majumbani. Watu waliitikia kwa vichwa, wengine wakafuta machozi. Mimi nilidhani ni huruma. Sote tulidhani ni huruma.

Haikupita muda likafuata jina la Svana yenyewe. Kisha likafuata neno kuoza, kwa sababu dukani kulikuwa na minong'ono kwamba mbao za Svana zilikuwa zimeoza na Severin aliambiwa mapema, tangu kiangazi. Hapo hata viazi vilivyooza tukawa tunaviita viazi vilivyochoka. Mwisho wakapiga marufuku hata swali la kwa nini. Naapa, dada, shuleni hatukuruhusiwa kusema kwa nini. Nikamuuliza mwalimu Hovland kwa sababu gani haturuhusiwi, darasa zima likacheka, nami nikatolewa nje nikasimame mvuani. Kabla ya Ijumaa na lile la kwa sababu gani likawa limekatazwa. Mama akasema mdomo wangu huu utatufukuzisha nyumbani.

Aliyeniumiza roho zaidi ni Mama Sjur. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kumwita kwa jina lake, Borghild. Sasa kumwita Mama Sjur ni kulitaja jina, basi watu wakawa wanamwita wewe. Wewe, nipitishie chumvi. Wewe, kisu chako hiki. Mwanamke mzima, na nywele zake nyeupe, akawa anaitika wewe.

Kisha maneno yakaanza kufa. Sijui nikuelezeje uniamini. Katika vitabu vya shule palitokea nafasi nyeupe pale yalipokuwa maneno yaliyokatazwa, kana kwamba mtu kayalamba. Kitabu cha nyimbo za kanisani nacho vivyo hivyo. Ubao ule kasisi aliotundika wenye majina matatu ukawa mweupe wote. Na baada ya vitabu, vikafuata vichwa vya watu. Siku moja nilimkuta Mama anaifuta vumbi picha ya ukutani, ndugu ya ile uliyoichukua wewe, akaniambia kwamba huyu bwana bila shaka tulimnunua pamoja na fremu. Hakuwa anatania. Alisema hivyo na kitambaa mkononi, akaendelea kufuta.

Mimi sikusahau, na si kwa kuwa nina akili kuwazidi. Ni ukaidi tu. Kila asubuhi nilipokwenda kuokota mayai nilikuwa nawasalimu kuku kwa jina la Baba, nawahadithia alivyokuwa. Kuku wetu walimjua Baba kuliko mke wake alivyomjua. Ndiyo maana lilibaki.

Mwishoni mwa Novemba ikaja meli ya vitabu. Ilipiga honi nje ya ghuba kama kawaida, watu wakashuka gatini na makasha ya vitabu vya kurudisha, na harufu ya kahawa na keki za kuokwa kwenye chuma ikapanda hadi shuleni. Ragnfrid, mkutubi wake, alikuwa yule yule, na sweta lake la kijivu lenye kiwiko kilichotoboka, na ile sauti yake nene ya kukwaruza iliyotusomea hadithi tangu hatujui kufunga kamba za viatu. Mkutubi gani mwingine huwatukana mawimbi mbele ya kasisi? Alifungua kasha la kwanza la kisiwa chetu, akafunua kitabu, akafunua cha pili, akapitisha kidole juu ya zile nafasi nyeupe.

Severin naye alipanda melini siku hiyo. Alimwomba kwa upole kabisa aviondoe vitabu fulani rafuni, viwili vya ajali za baharini na kimoja cha kutengeneza mashua za mbao, kwa kuwa vinawatonesha wafiwa. Watu walikuwa kwenye foleni wanasikia. Ragnfrid alimtazama kisha akamjibu, "Severin, hapa hakiondolewi kitabu kwa sababu kuna mtu hakipendi. Kama hukipendi, azima kingine." Severin akacheka cheko la juu juu, akashuka. Hakuna aliyethubutu kucheka naye wala kumcheka.

Alipoondoka, Ragnfrid alituita watoto kule chini ngamani tunakosomewa hadithi, akauliza ni nani bado anayakumbuka majina. Wenzangu waliangalia viatu vyao. Nikayasema mimi, yote matatu. Akaniuliza kama nina nguo za mvua, maana tunakwenda kumdai Mwenye Nusu maneno yetu.

Mama nilimwambia nakwenda kusaidia kubeba makasha hadi kisiwa cha pili. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito hata pua ya meli hatukuiona. Nahodha Peder alitupeleka hadi karibu na miamba ya nje, akasema hapo ndipo mwisho wake, hata afukuzwe kazi. Tukashusha mashua ndogo, mimi na Ragnfrid, akapiga makasia mwenyewe. Nilimuuliza haogopi. Akasema anaogopa sana, na kwamba niendelee kumsemesha asije akageuza mashua.

Mwenye Nusu yuko, Oddlaug. Alikuwa nyuma ya mwamba wa mwisho ametulia, katika nusu yake ya mashua ambayo ingepaswa kuzama na haizami. Amevaa nguo za ngozi za wavuvi wa zamani, na pale penye kichwa pana fungu la mwani tu. Mashua yake ilijaa maboya ya kioo, yale ya kijani yanayofungwa kwenye nyavu, mengi mno, na ndani ya kila boya kulikuwa na neno. Ukilitia boya sikioni unalisikia kwa sauti ya mtu aliyeliacha. Nililishika moja nikasikia kwa nini, kwa sauti ya mwalimu Hovland, na alikuwa analia.

Ragnfrid hakupiga kelele. Alimwamkia vizuri, akatoa begi lake la kazi, akamwambia, "Sikuja kukuita mwizi. Nimekuja kukwambia kwamba muda wa kuazima umepita, na kuna wengine wanaoyahitaji maneno haya."

Yule akajibu, na sauti yake ilitoka chini ya mashua, si kwenye mwani. "Mimi sichukui kitu. Napokea kinachotupwa. Watu wenu hunitupia wenyewe, kila wanaponyamaza."

Ndipo nikaelewa kosa letu. Miaka yote hiyo tuliyanyamazia majina tukidhani tunajikinga naye, kumbe ukimya wetu ndio chakula chake. Laiti tungewataja wafu wetu kwa sauti kila siku, angekuwa amekufa njaa.

Walibishana muda mrefu, yeye na Ragnfrid, kama watu wa sokoni. Mwisho Mwenye Nusu akasema kwamba maneno atayatoa, ila kwa kuazima. Vitabu vitarudi kama vilivyokuwa. Lakini yale majina ya watu watatu yatabaki yake mpaka kila mtu wa nyumba ya marehemu aliyelitupa jina alitamke kwa kinywa chake, kwa sauti, na kumbukumbu itamrudia yule anayetamka, si anayesoma wala anayesikia. Siku ya mwisho ni Pentekoste. Na kwa kuwa watu wetu hawaaminiki, akataka dhamana. Akauliza mkutubi ana kitu gani cha thamani. Ragnfrid akaniangalia, akatabasamu kidogo, akachukua muhuri wake wa tarehe, akaugonga juu ya ubao wa ile nusu mashua: Pentekoste. Hata yule mwenye mwani alionekana kushangaa. Kisha Ragnfrid akaniinamia sikioni.

"Usiache kusema, mwanangu," akaniambia. "Hata wakikuchoka."

Akachukua boya tupu, akalisogeza mdomoni, akakohoa mara moja tu, na boya likajaa. Tangu hapo Ragnfrid hana sauti.

Tuliporudi, maneno yote yalikuwa vitabuni. Yako hadi leo, ukifungua unayaona. Ila vinywa, dada, vinywa havikufunguka. Niliwaeleza watu masharti nyumba kwa nyumba, wengine wakanifungia mlango. Severin alitangaza kwamba Ragnfrid kapata ugonjwa wa koo kwa kupiga soga kwenye baridi, na kwamba mimi nina homa ya kichwa. Majira ya baridi yote yakapita hivyo. Tukasherehekea Krismasi kwa samaki wa chumvi na viazi vilivyochoka, na pale mezani, mahali pa Baba, Mama aliweka kikapu cha sufu.

Wa kwanza kuvunja alikuwa Borghild. Ilikuwa Februari, katikati ya nyumba ya samaki, wanawake wote wapo mezani wanapasua chewa, na Severin anapita kukagua. Akamwambia, wewe, ongeza mkono. Borghild akakiweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni polepole, akasema, "Mimi ni Mama Sjur. Mwanangu ni Sjur, na mashua uliyompa ilikuwa imeoza." Nilikuwepo, nilikuwa nabeba barafu. Alipolisema tu, akashika meza, akaanza kutuhadithia meno ya Sjur yalivyokuwa, na wimbo aliokuwa anaupiga kwa mluzi akipanda ngazi, akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Kesho yake akaambiwa asije tena kazini. Jirani zake humpelekea samaki, lakini giza likishaingia, wasionekane.

Kisha kwenye Ijumaa Kuu, baba yake Anfinn, yule mzee anayepiga kengele, aliacha kamba, akaingia hadi mbele ya kanisa akasema jina la mwanawe mbele ya watu wote. Majina mawili yakawa yamerudi. Limebaki la kwetu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Nimelificha jambo hili tangu Novemba, kwa kuwa niliogopa nikikwambia hutaniandikia tena, na barua zako ndizo zinazonifanya nivumilie. Kule kwenye nusu mashua, boya lenye jina la Baba nililitia sikioni. Nilitegemea sauti ya Severin. Haikuwemo. Zilikuwemo sauti mbili. Ya kwanza ni ya Mama, yuko mlangoni petu anamwambia Severin, sawa, hatutamtaja, na nyuma yake nikasikia funguo za nyumba zikilia mkononi mwa Severin. Ya pili ni yako. Uko mahali penye mvuke na wasichana wanacheka, mmoja anakuuliza kwenu nani yuko baharini, nawe unajibu, "Kwetu ni wanawake watupu, tangu zamani." Ukacheka nao.

Najua kwa nini. Ulikuwa mgeni, hukutaka waanze kukuonea huruma siku ya kwanza. Sikulaumu. Hapana, nitasema kweli, nakulaumu, lakini nakupenda kuliko ninavyokulaumu. Mimi jina lake sikulitupa, kwa hiyo nikilisema mara elfu halihesabiwi. Linadaiwa kwako na kwa Mama.

Meli ya vitabu ipo gatini tangu jana, ziara ya mwisho kabla ya Pentekoste. Ragnfrid anagonga muhuri, anaonyesha kwa kidole, anawatabasamia watoto. Jana walishuka ngamani wakakaa kama zamani, wakisubiri, na hapakuwa na wa kuwasomea, ikabidi nisome mimi. Yeye alikaa kwenye kasha akinifuata kwa midomo, neno kwa neno. Pentekoste ikipita, sauti ile haitarudi, na Baba naye hatarudi kichwani mwa mtu yeyote isipokuwa mimi na kuku wangu.

Kwa hiyo nakuomba. Usinijibu kwa barua. Ukimaliza kusoma, inuka, nenda kwenye dirisha linaloelekea bahari, na kama wenzako wapo, waache wasikie. Sema hivi: Baba yangu ni Eilert. Alizama na Svana, na Svana ilikuwa imeoza. Usinong'one. Itauma, maana atakurudia mzima mzima, na utamzika upya. Lakini utakuwa naye.

Nilikuwa nimefika hapa, Mama akaingia. Nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila mara, kama ana salamu za kukupa. Siku zote husema nikuandikie kwamba ni mzima, basi. Leo alisimama nyuma ya kiti changu, akasoma nilichokuwa nimeandika. Akaitazama picha ukutani. Akasema, "Mwandikie kwamba mke wa Eilert anamsalimu."

Kisha akakaa sakafuni, na aproni yake na yote. Amekumbuka. Anasema Baba alikuwa anamimina kahawa kwenye kisahani na kuinywa kwa kipande cha sukari kati ya meno, nasi tulimcheka. Anasema ni yeye, Baba, aliyemwambia Severin habari za zile mbao tangu kiangazi. Analia, Oddlaug, kilio ambacho kilipaswa kuwa cha Oktoba. Nyumba hii najua tutaipoteza. Amesema Severin aje aichukue hata kesho.

Honi imelia ya kwanza, lazima niishushe barua hii. Ragnfrid bado hana sauti, nimechungulia dirishani, anapandisha makasha kimya kimya. Kwa Mama limesemwa. Limebaki kwako.

Msalimie mwenye nyumba yako, na uwasalimie wenzako wa chumbani. Watakapouliza tena yule aliyekubeba mabegani ni nani, wajibu kwa sauti. Jikinge na upepo, kula vizuri, na usikose usingizi kwa ajili yetu.

Ni mimi mdogo wako mwenye mdomo mrefu,

Gudveig binti Eilert